Shetri Iliyokatwa

Ukishuka Mkunguni, Msambweni, maji yakiwa yamepwa, utavikuta vyombo vimelala ubavu juu ya mchanga na unaweza kuvizunguka kwa miguu. Watu wengi huvitazama kwa omo, maana huko ndiko kwenye rangi na jina. Mimi ni fundi wa mashine za boti, kwa hiyo huanzia nyuma, kwenye shetri. Ipo mashua moja kuukuu ambayo ubao wake wa juu wa shetri umekatwa kwa msumeno ukaachwa pengo. Chini ya pengo, kwenye fashini, yapo matundu ya rumada za usukani, yamezibwa kwa vigingi vya mti na pamba. Kwa ndani umeongezwa ubao wa pili wa mvule, umebanwa kwa bolti, na vipande viwili vya mkoko vilivyopinda vimeshikizwa kuutegemeza. Chombo kile kiliundwa kiende kwa tanga, kisha kikakatwa kibebe mashine. Aliyekikata alijua anachofanya. Ujuzi wake ndio ninaotaka kuueleza, kwa kuwa umepita kutoka mkono hadi mkono kati ya Diani na Vanga pasipo mtu kuuandika.

Vyombo vya pwani hii viliundwa vipasue maji. Havikuundwa vipande juu yake. Mtepe wa kale, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ulichongoka mbele na nyuma. Dau na ngalawa ni vivyo hivyo. Mashua na jahazi zina shetri bapa, lakini bapa lile liko juu; sehemu inayolala majini hupungua kidogo kidogo kuelekea tezi mpaka ikaishia kwenye fashini, nyembamba. Waunzi walikuwa na sababu. Maji yaliyotengwa na omo yanatakiwa yakutane tena nyuma kwa utulivu, la sivyo huanza kuzunguka na kukivuta chombo kirudi.

Umbo hilo lina kikomo chake cha mwendo. Chombo kinapokwenda hujitengenezea wimbi, na wimbi hurefuka kadiri mwendo unavyoongezeka, hadi chombo kikawa kimekaa kati ya vilele viwili, kimoja omoni na kingine tezini. Kuanzia hapo, kikitaka kuongeza mwendo lazima kiupande mlima wa maji kilioujenga chenyewe, na tezi yake nyembamba haina pa kukanyagia. Mashua yenye urefu wa futi 25 majini hukomea karibu maili 7 za baharini kwa saa. Kusi ya Julai ikishika tanga sawasawa, huifikisha hapo bila tone la petroli.

Ami yangu alikuwa nahodha wa mashua iliyopakia boriti za mikoko Gazi na Funzi na kuzipeleka Mombasa. Kazi yake kubwa, alivyoiona yeye, ilikuwa kuweka usawa. Kushika kana ya usukani ilikuja baadaye. Mashua ikirudi tupu aliitia farumi, mawe na magunia ya mchanga, na hakuruhusu mtu kuyatupa ngamani ovyo. Upepo ukiwa nyuma, farumi ilisogezwa kuelekea tezi ili omo iwe nyepesi, isichimbe chini ya wimbi. Wakienda joshi ilirudishwa mbele, omo iume maji na chombo kisisukumwe kando. Mabaharia nao walihesabiwa pamoja na mzigo. Nilipokuwa mdogo nikachukuliwa safari, nilikuwa nikihama hama kutafuta kivuli cha tanga. Aliniita akaniambia, "Mwanangu, humu ndani wewe ni gunia. Kaa pale gunia linapotakiwa." Nilikaa. Maneno yale ndiyo ninayofanyia kazi mpaka leo, na kila kitakachofuata hapa kimetoka humo.

Mashine yenyewe, hii ya kupachikwa nyuma ya chombo, ilitoka mbali. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, alianza kuuza ya kwake mwaka 1909, nguvu ya farasi moja na nusu, uzito wa pauni 62. Wengine walikuwa wameshajaribu kabla yake, lakini baada ya Evinrude ndipo biashara iliposimama. Uingereza ilileta Seagull kuanzia miaka ya 1930. Hiyo ilikuwa mashine isiyo na pupa: nguvu chache, rafadha kubwa inayozunguka polepole, ya kusukuma kitu kizito. Babu yangu mzaa mama alipewa moja, imeshachakaa, na Mzungu aliyekuwa na nyumba Diani. Haikuwa na kofia juu. Ulizungusha kamba kwa mkono kwenye gurudumu, ukavuta, ukazungusha tena, ukavuta tena. Babu aliifunga kwenye ubavu wa ngalawa, juu ya kibao alichokipigilia nyuma kidogo ya mrengu, kwa kuwa tezi ya ngalawa imechongoka na haina mahali pa kupachika kitu. Ngalawa ilikwenda kwa mwendo ule ule wa tanga, ila sasa ilikwenda hata siku ya shwari, na ilikwenda moja kwa moja kuukabili upepo. Kwa mvuvi huo ulikuwa utajiri.

Shimoni ilikuwa na habari ya injini mapema zaidi, kwa sababu ya samaki. Mkondo wa Pemba uko jirani na kina chake huanguka ghafla hadi mamia ya mita, nduwaro na sulisuli wakipita. Wavuvi wa michezo walipiga kambi huko tangu zama za ukoloni. Ernest Hemingway alifika kwenye kambi ya uvuvi ya Shimoni mwanzoni mwa 1954, akiuguza majeraha ya ajali mbili za ndege alizozipata Uganda, na huko huko akaungua alipojaribu kusaidia kuzima moto wa kichaka. Wazee walionifunza kazi wanasema vijana wa Shimoni na Wasini waliajiriwa kwenye boti za wageni kama mabaharia, na humo ndimo walimoijua plagi, kabureta na pampu ya maji. Walirudi nyumbani wakiwa na ujuzi wa injini ndani ya vichwa na ujuzi wa tanga ndani ya mikono.

Mambo yaliyobadilisha fukwe zetu kwa haraka yalikuwa mawili, na yote yalitoka serikalini. Mwaka 1973 eneo la Kisite na Mpunguti lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari, mipaka ikarekebishwa 1978, na hoteli zilizokuwa zikiota Diani zikaanza kuwaleta watalii Shimoni wavuke kutazama matumbawe na pomboo. Kisha 1982 ikapigwa marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi. Mashua zilizoishi kwa boriti zilibaki bila mzigo. Wenye vyombo walikuwa na mashua tupu upande mmoja na watalii wenye haraka upande wa pili, na madukani Mombasa kulikuwa na mashine za Kijapani. Yamaha, iliyotoa mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1960, ilikuwa imetengeneza aina ya Enduro kwa ajili ya kazi ngumu: stroki mbili, vipuri vichache, inavumilia petroli mbaya. Farasi 25. Farasi 40. Watu wakauza ng'ombe wakanunua.

Hapo ndipo msumeno ulipoingia.

Waliofunga mashine ya farasi 40 kwenye mashua walitazamia mbio. Walichopata ni tezi iliyozama na omo iliyotazama mawingu. Kile kikomo cha mwendo hakijali una farasi wangapi. Nguvu iliyozidi ilikwenda kuchimba shimo nyuma ya chombo, tezi nyembamba ikatumbukia humo, na maji yakaingia kwa kupitia pengo la shetri. Mbao nazo zililalamika. Shetri ya mashua ilifungwa kushika usukani na kuzuia wimbi. Haikufungwa kubeba chuma cha kilo sabini na ushei kinachoisukuma kwenda mbele na kuitikisa kila mzunguko. Misumari ililegea, kalafati ikatoka, mapengo yakafunguka pale mbao za ubavu zinapokutana na shetri.

Mafundi walijibu kwa hatua, na nimeziona zote kwenye vyombo vilivyoletwa kwangu. Kwanza waliongeza ubao wa pili kwa ndani na magoti ya mkoko ya kupeleka nguvu ya mashine kwenye mkuku. Kisha wakagundua kimo cha kukatia. Mashine huja na mguu wa inchi 15 au wa inchi 20, na shetri ya mashua iko juu sana kwa zote mbili, ndiyo maana ilikatwa. Ukikata kidogo, rafadha hubaki juu na hunywa hewa: mashine inapiga kelele na chombo hakiendi. Ukikata kupita kiasi, mguu unazama na kuburuta, na bahari inaingia ndani. Juu ya rafadha kuna bamba lililolala. Mafundi waliona kwamba bamba hilo likilingana na sakafu ya nje ya chombo, au likiwa juu yake kwa unene wa kidole, mambo yanatulia. Kitabu cha kiwandani nacho huanzia kwenye usawa huo wa sakafu. Wazee walifika pale bila kitabu, kwa kupachika vipande vya ubao juu ya shetri na kuvitoa kimoja kimoja hadi kelele ilipokoma.

Jambo la mkuku ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Mkuku wa mbao unaokwenda hadi mwisho wa tezi huyachanganya maji na mapovu mbele ya rafadha, nayo hupoteza mshiko hata ikiwa imewekwa kwa kimo sahihi. Mtu angeweza kushusha mashine mpaka kesho na asipate dawa. Fundi mmoja wa upande wa Funzi, sasa marehemu, aliukata mkuku taratibu kwa tezo, ukapungua unene katika shibiri mbili za mwisho mpaka ukapotea kabla ya kufika shetri. Chombo kikatulia. Kwa muunzi wa mashua, kuukata mkuku ni kama kumkata mtu uti wa mgongo, na yeye alikuwa ameunda mashua maisha yake yote. Alifanya hivyo kwa sababu alikwenda majini akainama akayatazama maji yanavyotoka nyuma, badala ya kuitazama mashine.

Baada ya hapo waunzi waliacha kukata vya zamani wakaanza kuunda vipya. Boti ya mbao ya miaka ya 1990 pwani ya kusini ina omo ya mashua na tezi ya kitu kingine kabisa: pana, sakafu karibu bapa, shetri imesimama na kuinama nyuma kidogo. Tezi ya namna hiyo haiachi maji yakutane kwa utulivu, inayakanyaga. Mashine ikiongezwa moto, boti hupanda mgongoni mwa wimbi lake na kuliacha nyuma, kisha hutambaa juu ya maji. Safari ya Shimoni hadi Kisite iliyokula saa nzima na zaidi kwa tanga ikafupika sana. Halafu zikaja za faiba, nyepesi zaidi, na mwendo ukazidi.

Mwendo ulikuja na ugonjwa wake. Boti ikishafika kasi, omo huanza kuinuka na kupiga, kuinuka na kupiga, bila wimbi lolote mbele, kama pomboo wa Kisite anayesindikiza chombo. Nahodha asiyejua huongeza moto, na boti huruka zaidi. Nililetewa boti nyingi za watalii zenye ugonjwa huo, wenyewe wakidhani mashine ni mbovu. Mashine ilikuwa nzima. Nilitazama mahali vitu vilipowekwa. Mashine iko nyuma. Tangi la lita 24 liko nyuma, karibu na mashine, kwa sababu mpira wa mafuta ni mfupi. Nahodha yuko nyuma, ameshika mpini. Turubai la kivuli limefungwa nyuma, na wageni wote wamejibana chini yake wakikimbia jua. Omo imebaki na nanga na upepo. Maneno ya ami yalinijia pale pale: magunia yote yalikuwa yamekaa yasipotakiwa.

Dawa huanza kwa kununua mpira mrefu na kusogeza tangi mbele ya katikati. Turubai hurefushwa ili wageni wakae hadi mbele. Ndipo tunakwenda kwenye pini. Mabano ya mashine yana matundu kadhaa, na pini ndogo ya chuma inaamua mguu uegemee kiasi gani. Ukiihamisha kuelekea shetri, rafadha husukuma omo chini. Ukiipeleka nje, omo hupanda. Tundu moja tu hutosha kutofautisha boti inayoruka na boti inayotambaa. Lakini ukiivuta ndani kupita kiasi, omo huuma maji, na boti huanza kujigeuza yenyewe upande huu na ule, jambo la hatari zaidi kuliko kuruka. Kwenye mashine kubwa za siku hizi kuna kitufe, unabadilisha huku unakwenda. Enduro ya mpini haina kitufe. Pini yake ni uamuzi unaofanywa nchi kavu kabla ya kusukuma chombo majini, na anayeuamua lazima ajue bahari ya siku hiyo.

Bahari ya siku hiyo ndiyo isiyoandikwa kiwandani. Diani ina mwamba mbele yake. Ndani ya mwamba maji ni tulivu, na boti za hoteli zinaweza kwenda na pini yoyote. Ukitoka kwenye mlango wa mwamba wakati wa kusi, unakutana na wimbi refu linalotoka bahari kuu. Kwenda nje unataka omo iwe chini kiasi, ipasue wimbi badala ya kupigwa nalo. Kurudi ndani wimbi liko nyuma yako, linakusukuma, na omo nzito ikichimba, tezi hukupita ubavuni na chombo kinalala. Hapo unataka omo nyepesi. Kwa hiyo manahodha wazuri wa Msambweni na Gazi huweka pini kwa ajili ya kurudi, na wakati wa kwenda huwapeleka wavuvi wawili omoni kufidia. Wakirudi, samaki na barafu huwa nyuma ya katikati, na wale wawili huitwa nyuma. Ni farumi ile ile ya mashua ya boriti. Mawe yamekuwa watu na makasha ya samaki.

Rafadha nayo ina hesabu yake. Ile ya hatua ya inchi 13 ingesonga inchi 13 kila ikizunguka mara moja, kama maji yangekuwa mti na rafadha msumari wa parafujo. Enduro ya farasi 40 ikizunguka mara 5000 kwa dakika, gia huipa rafadha nusu yake, 2500, na kwenye karatasi hiyo ni zaidi ya maili 26 za baharini kwa saa. Majini huteleza ukapata chini ya hapo. Mvuvi aliyepakia barafu na wavu mzito akichukua rafadha hiyo hiyo, mashine yake haifikii mizunguko inayotakiwa. Inafanya kazi kama mtu aliyebebeshwa, inaota masizi na kufa mapema. Huyo anahitaji hatua fupi zaidi. Watu wengi hununua kwa kufuata jirani, na mimi hupoteza muda mwingi kuwauliza wanabeba nini kabla sijawauliza wana pesa ngapi.

Boti ikivuta mkono wa nahodha upande mmoja, kuna kibamba kidogo cha zinki nyuma juu ya rafadha. Legeza bolti yake. Ikivuta kulia, elekeza ukingo wa nyuma wa kibamba kulia, kidogo kidogo, ukijaribu. Nimeona watu wakivumilia maumivu ya bega kwa miaka kwa kutokujua bolti hiyo ipo.

Mamlaka ya Usafiri wa Baharini iliundwa 2004, na ukaguzi wa boti ukapata mwenyewe: majaketi ya kuokolea, idadi ya abiria, vyeti vya manahodha. Nimefurahi. Kanuni za 2007 za vikundi vya usimamizi wa fukwe zikawapa wavuvi mahali rasmi pa kusemea. Tangu ugatuzi wa 2013 vikundi navyo vimekuwa vikipokea boti za faiba pamoja na mashine, na vijana wanaovua mbali ya mwamba wanazihitaji kweli kweli. Ila ukaguzi huhesabu majaketi, hauulizi pini iko tundu la ngapi wala tangi limekaa wapi. Na boti hizo hufika mashine ikiwa imeshapigwa bolti moja kwa moja na muuzaji, aliyeijaribu ikiwa tupu, kwenye maji ya ghuba. Nimeletewa moja iliyokuwa ikinywa hewa kila inapokata kona. Bolti zilikuwa nne, na kuzihamisha inchi moja kulitulazimu kuziba matundu manne ya zamani kwa gundi na faiba, kusubiri yakauke, na kutoboa mengine. Kikundi kilikaa nchi kavu msimu mzuri ukipita.

Ombi langu kwa wanaoagiza boti hizo ni dogo. Ileteni mashine ikiwa imebanwa kwa skrubu zake tu. Mpeni nahodha atakayeitumia, mpakie mzigo atakaobeba, barafu, wavu na watu wake, mtoke naye nje ya mlango wa mwamba kusi ikiwa imeshika, mrudi. Ipandisheni mashine, ishusheni, hamisheni tangi. Muite na mzee mmoja aliyewahi kupanga farumi, akae anapotaka. Mkishakubaliana wote watatu, mwenye boti, nahodha na mzee, ndipo fundi atoe keekee atoboe shetri.